Somo la 9: Uaminifu wa Kila Siku Katika Afya

SABATO MCHANA

Jifunze kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Marko 6:30-32, 1 Wafalme 19:1-8, Luka 14:28-30, Mithali 25:16, Danieli 1:8-16, 2 Mambo ya Nyakati 16:7-12, 2 Wafalme 20:1-7, Marko 2:1-12, Yohana 13:3-15.

Fungu la Kukariri: 3 Yohana 2. Lisome katika Biblia yako na ulikariri pamoja na darasa. Ni maombi ya mzee Yohana kwa rafiki yake Gayo, akimtakia mwili wenye afya sawasawa na ustawi wa roho yake.

Katika vijiji vya Likunja na vya jirani, upande huu wa Ruangwa na Nachingwea, mwaka hauna mwezi wa kukaa bure. Mvua zikianza, watu wanalima na kupanda. Ufuta ukishavunwa na kuuzwa, mikorosho inataka kupuliziwa salfa. Salfa ikiisha, korosho zinaanza kudondoka, nazo zinataka kuokotwa, kuanikwa na kupelekwa ghalani, kisha mkulima asubiri mnada. Malipo hayajaingia vizuri, mawingu ya mvua yamekwisha kurudi.

Ndani ya mzunguko huu kuna neno ambalo karibu kila familia imelisikia: “Nitakwenda kupima tukimaliza korosho.” Anayelisema ana kiu isiyokatika, anaamka usiku mara nne kwenda kujisaidia, na kidonda cha mguuni kina mwezi wa pili hakijafunga. Lakini korosho zikiisha kuna kilimo, kilimo kikiisha kuna palizi, na siku ya kwenda zahanati haifiki.

Ugonjwa wa kisukari hutokea pale mwili unaposhindwa kuitumia vizuri sukari iliyomo katika damu, kwa sababu kongosho halitoi insulini, au insulini iliyopo haitoshi au haifanyi kazi ipasavyo. Hauchagui msimu. Hauna siku moja ya vita na ushindi. Unadai uangalizi mdogo mdogo, asubuhi na jioni, mwaka hadi mwaka. Kwa sababu hiyo ni somo zuri sana la uwakili. Juma hili tutaona kwamba Mungu hatuombi tumletee mwili tutakapopata nafasi. Anatuomba uaminifu wa leo, shughuli zikiwa nyingi vilevile.

Jifunze somo la juma hili kwa ajili ya maandalizi ya Sabato ijayo.

JUMAPILI: Hata Nafasi ya Kula Hawakupata

Soma Marko 6:30-32. Wanafunzi walikuwa wanafanya kazi ya nani? Kwa nini basi Yesu aliwaondoa katika kazi hiyo?

Kazi waliyokuwa wakiifanya ilikuwa njema kuliko kazi zote. Walikuwa wametoka kuhubiri na kuponya wagonjwa. Marko anaeleza kwamba watu walikuwa wengi, wakija na kuondoka, kiasi kwamba mitume walikosa hata wasaa wa kula. Yesu hakuwasifu kwa hilo. Aliwaita kando, mahali pasipo na watu, wapumzike. Aliyeumba tumbo alijua kwamba mtumishi mwenye njaa na uchovu hawezi kuendelea kutumika.

Soma pia 1 Wafalme 19:1-8. Eliya alikuwa amechoka hadi akaomba afe. Mungu hakuanza kwa kumkemea. Alimpa usingizi, mkate na maji, kisha usingizi tena, kisha chakula tena, kwa kuwa safari iliyokuwa mbele yake ilikuwa ndefu. Mahubiri yalifuata baadaye, mlimani.

Kwa mtu anayetumia dawa za kisukari, jambo hili si mfano tu. Mtu akichoma insulini au kumeza baadhi ya vidonge vya kushusha sukari, kisha akaingia shambani alfajiri bila kula, akainama kuokota korosho hadi saa nane mchana, sukari yake inaweza kushuka kupita kiasi. Dalili zake ni kutetemeka, jasho jingi, njaa kali, moyo kwenda mbio na kuchanganyikiwa. Wenzake shambani wanaweza kudhani amelewa, au amepagawa. Sukari ikiwa chini ya milimoli 4 kwa lita, anahitaji msaada hapo hapo: vijiko vidogo vitatu vya sukari katika maji, apumzike, na baada ya dakika 15 apimwe tena kama kipimo kipo. Kama hajapata nafuu, apewe tena. Akishapata nafuu ale chakula. Asipokuwa na kipimo, dalili zinatosha, usisubiri. Akiwa amepoteza fahamu, usimnyweshe kitu, maana atapaliwa. Mkimbize kwenye kituo cha afya.

Kwa hiyo anayekwenda shamba la mbali abebe chakula chake, maji, na sukari kidogo iliyofungwa kwenye karatasi. Na wenzake wawili watatu wajue ana ugonjwa gani. Kuuficha ni hatari kuliko aibu ya kuusema.

Je, ni kazi gani njema maishani mwako ambayo umeifanya kuwa sababu ya kutokula, kutolala au kutokunywa dawa kwa wakati? Yesu angekuambia nini juu ya kazi hiyo?

JUMATATU: Kuketi Kwanza na Kupima

Soma Luka 14:28-30. Mtu mwenye kutaka kujenga mnara anafanya nini kabla ya kuweka msingi?

Yesu alikuwa akizungumzia gharama ya kumfuata, lakini mfano wenyewe umesimama juu ya busara ambayo kila msikilizaji wake aliikubali: aanzaye kazi bila kuhesabu huishia kuaibika.

Watu wa Nachingwea wanao ushahidi wa fundisho hili katika ardhi yao. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga katika Tanganyika, huko Kongwa, Urambo na hapa Nachingwea. Misitu ilifyekwa kwa mashine, na reli ikajengwa kutoka pwani ya Mtwara. Fedha zilikuwepo, mashine zilikuwepo, na haraka ilikuwepo. Kilichokosekana ni kuketi kwanza: udongo na mvua havikupimwa vya kutosha kabla ya kazi kuanza. Mwaka 1951 mpango ulikuwa umekwisha kuachwa, na mamilioni ya pauni yalikuwa yamepotea.

Mtu anaweza kuuendesha mwili wake namna hiyo hiyo, kwa nguvu nyingi na bila kipimo. Kisukari cha aina ya pili, ambacho ndicho cha watu walio wengi, kinaweza kukaa mwilini miaka kadhaa bila maumivu yoyote. Wakati huo kinaharibu macho, figo, mishipa ya damu na neva za miguu. Ukingoja uumwe ndipo upime, umechelewa kuketi.

Zamani wengi waliona kisukari ni ugonjwa wa matajiri wa mjini. Utafiti uliofanyika katika vijiji sita vya Tanzania na kuchapishwa mwaka 1989 ulikuta chini ya mtu mzima mmoja katika kila 100 ana kisukari. Mwaka 2012, uchunguzi wa kitaifa wa watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64 ulikuta takriban 9 katika kila 100. Tafiti hizo mbili hazikupima kwa namna moja wala mahali pamoja, lakini mwelekeo uko wazi. Novemba 2019 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa, ambaye wakati huo alikuwa mbunge wa Ruangwa, alizindua mpango wa taifa wa kuzuia na kudhibiti magonjwa yasiyoambukiza. Jambo hili si la Dar es Salaam peke yake.

Kipimo chenyewe ni tone la damu kutoka kidoleni. Ukipimwa kabla ya kula chochote, baada ya kufunga usiku kucha, na kikasoma milimoli 7.0 kwa lita au zaidi, hiyo ni dalili ya kisukari, na mtaalamu atarudia kipimo ili kuthibitisha. Ukipimwa wakati wowote kikasoma 11.1 au zaidi, nawe una kiu, unakojoa mara kwa mara na unapungua uzito, usirudi nyumbani bila kuonana na daktari. Pima na shinikizo la damu siku hiyo hiyo, maana magonjwa haya mawili hupenda kukaa nyumba moja.

Ni lini mara ya mwisho ulipimwa sukari na shinikizo la damu? Kama hukumbuki, ni sababu gani hasa inayokuzuia juma hili: umbali, fedha, kazi, au hofu ya jibu?

JUMANNE: Asali na Kiasi

Soma Mithali 25:16. Je, Sulemani anaikataza asali? Anaonya juu ya nini?

Asali ni zawadi ya Mungu. Mwenye hekima haambiwi aikimbie. Anaambiwa ale kiasi kinachomtosha, asije akaitapika. Uovu haumo katika asali, umo katika kuzidisha. Biblia yenyewe imetupa hapa kanuni ya kiasi.

Wagonjwa wengi wakiambiwa wana kisukari hutoka kliniki na orodha ya makatazo, nao hurudi nyumbani wakidhani hawataonja tena chakula cha kwao. Sivyo. Chakula cha mashamba yetu kinaweza kuwa rafiki mkubwa wa mwenye kisukari: mbaazi, kunde, choroko, njugu mawe, majani ya kunde, kisamvu, mlenda, matembele, karanga chache, ufuta. Linalotakiwa kubadilika ni vipimo vya sahani. Katika nyumba nyingi ugali ni mlima na mboga ni kijito kinachopita kando yake. Geuza hali hiyo: nusu ya sahani iwe mboga za majani, robo iwe mbaazi, kunde au maharage, na robo iliyobaki ndiyo ya ugali, wali, muhogo au ming'oko.

Hapa tuseme ukweli wote. Wapo wanaofundishwa kwamba dona, mtama au muhogo haupandishi sukari, hivyo wale watakavyo. Vyote hivyo ni wanga, na wanga wote hugeuka kuwa sukari ndani ya damu. Dona ni bora kuliko sembe kwa kuwa ina makapi yanayopunguza kasi hiyo, lakini mlima wa dona bado ni mlima. Vivyo hivyo na matunda: embe moja dogo au bibo, likatafunwa, si sawa na jagi la juisi.

Adui mkubwa zaidi ni sukari inayonywewa. Chupa moja ya soda ya mililita 300 huwa na sukari ipatayo vijiko vidogo saba au zaidi. Uji uliotiwa sukari mpaka uwe kama asali nao ni vilevile. Uraka unaotengenezwa kwa mabibo, tunaoukataa kwa imani yetu, una madhara ya ziada kwa anayetumia dawa za kisukari, kwa sababu pombe inaweza kuishusha sukari ghafla saa nyingi baada ya kunywa.

Soma Danieli 1:8-16. Biblia yetu inataja mtama na maji kuwa ndicho chakula walichoomba vijana wale. Angalia jinsi Danieli alivyofanya. Aliazimu moyoni kwanza. Kisha alizungumza na msimamizi kwa adabu, akaomba siku kumi tu za majaribio, na akakubali matokeo yatazamwe. Hakuapa mbele ya watu kwamba atabadilika maisha yake yote. Mwenye kisukari anaweza kuanza hivyo hivyo: siku kumi bila soda na bila sukari kwenye uji, kisha apime na aone.

Nyumbani mwako nani huamua kiasi cha ugali na cha mboga? Kama mgonjwa si mpishi, mpishi anaweza kufanya nini leo bila kumfanya mgonjwa ajione ametengwa mezani?

JUMATANO: Miguu ya Asa na Jipu la Hezekia

Soma 2 Mambo ya Nyakati 16:12 na 2 Wafalme 20:1-7. Wafalme hawa wawili wa Yuda wanafanana katika nini, na wanatofautiana wapi?

Asa aliugua miguu, na ugonjwa wake ukazidi sana. Biblia haisemi ni ugonjwa gani. Inasema kwamba hata katika kuugua hakumtafuta Bwana, bali waganga. Fungu hili limetumiwa mara nyingi kuwaambia wagonjwa kwamba kwenda hospitali ni kupungukiwa imani. Wapo waliotupa vidonge vyao baada ya kuombewa. Wapo waliokatwa mguu, na wapo tuliowazika.

Soma sura yote na utaona kosa la Asa lilianza kabla ya ugonjwa. Katika vita alimtegemea mfalme wa Shamu badala ya Mungu. Nabii alipomwonya, alikasirika na kumtia gerezani. Ulipokuja ugonjwa, moyo ulikuwa uleule. Hakulaumiwa kwa sababu waganga waligusa miguu yake. Alilaumiwa kwa sababu alimwacha Mungu nje ya jambo zima.

Sasa mtazame Hezekia. Aliomba kwa machozi, na Mungu akamjibu: angeponywa, angeongezewa miaka 15. Ahadi ilikuwa imekwisha kutolewa. Hata hivyo Isaya aliagiza mkate wa tini uletwe, uwekwe juu ya jipu, na mfalme akapona. Nabii aliyebeba neno la Mungu ndiye aliyeagiza dawa. Hezekia hakuiona dawa kuwa tusi kwa ahadi. Alikubali vyote viwili kutoka mkono mmoja.

Insulini ni mkate wa tini wa siku zetu. Kabla ya mwaka 1921, mtoto aliyepata kisukari cha aina ya kwanza alikuwa akidhoofika na kufa, na madaktari hawakuwa na la kufanya. Januari 1922 huko Toronto, Kanada, kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alichomwa insulini, akawa mgonjwa wa kwanza wa kisukari kutibiwa nayo kwa mafanikio. Aliishi miaka 13 zaidi. Tangu hapo mamilioni wameongezewa miaka. Anayetegemea insulini asiiache hata siku moja kwa sababu ameombewa au kwa sababu anajisikia nafuu. Akitapika, akiwa na homa au akipumua kwa shida, ndipo anahitaji hospitali haraka zaidi.

Wengine huiacha kwa sababu ya joto letu na kukosa jokofu. Jambo hili lilichunguzwa katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, Dadaab, nchini Kenya, ambako joto ndani ya nyumba hupanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba insulini iliyokaa katika hali hiyo majuma manne ilibaki na nguvu. Chungu cha udongo chenye maji, kikiwekwa kivulini, nacho husaidia kupunguza joto; chupa ya dawa ifungwe isilowe. Usiiache juani, wala kwenye boksi la pikipiki. Muulize mfamasia wako utaratibu unaofaa kwa aina ya insulini unayotumia.

Vipi kuhusu kufunga na kuomba? Mwenye kisukari azungumze na daktari wake kabla ya kufunga. Anaweza kufunga kwa njia nyingine: kuacha kitu fulani akipendacho, au kutenga saa za maombi huku akila mlo wake kwa wakati. Mungu anayeujua mwili wake hahesabu hilo kuwa ni udhaifu.

Ungemjibuje ndugu aliyekuambia, “Nimeacha dawa kwa imani”? Utatumia mafungu gani, na utazungumza naye kwa sauti ya namna gani?

ALHAMISI: Watu Wanne na Godoro Moja

Soma Marko 2:1-12. Yesu aliiona imani ya nani?

Mwenye kupooza hakufika kwa miguu yake. Alibebwa na watu wanne, nao walipokuta mlango umejaa watu, walitoboa dari. Kulikuwa na kazi ya mikono, kupanda, kubomoa na kushusha. Kuishi na kisukari kijijini kunahitaji watu wanne namna hiyo. Mmoja amsindikize kliniki, iwe Ruangwa, Nachingwea, au hospitali za misheni za Nyangao na Ndanda. Mmoja amwokotee korosho siku hiyo ili asipate hasara. Mmoja amkumbushe dawa. Mmoja amsaidie kuweka akiba ya nauli na bima ya afya wakati fedha za mnada zimeingia, kabla hazijaisha kwa mambo mengine.

Kanisa nalo linaweza kubeba pembe moja ya godoro. Katika chakula cha ushirika cha Sabato, na zaidi wakati wa makambi, meza zetu hujaa wali na soda. Kuweka maji safi, mboga za kutosha na kunde mezani ni huduma. Viongozi wa afya na kiasi wanaweza kumwalika muuguzi wa zahanati apime watu wote, wakiwemo majirani zetu Waislamu na Wakristo wa makanisa mengine, karibu na tarehe 14 Novemba, Siku ya Kisukari Duniani. Siku hiyo huangukia katikati ya msimu wa korosho, wakati ambapo watu hujisahau zaidi.

Soma Yohana 13:3-15. Kila robo sisi Waadventista huinama na kutawadhana miguu. Ni agizo la unyenyekevu, na halitakiwi kugeuzwa kuwa kitu kingine. Lakini tunapoushika mguu wa ndugu yetu, macho yetu yanauona. Na mguu ndiyo sehemu ambayo kisukari hupenda kujeruhi kimyakimya. Neva zikifa, mtu hukanyaga mwiba asijue. Dkt. Zulfiqarali Abbas na wenzake wa Dar es Salaam wameandika juu ya wagonjwa wa kisukari walioumwa na panya miguuni usiku, wakaendelea kulala kwa sababu hawakuhisi chochote. Waliamka asubuhi wakakuta vidonda.

Kwa hiyo mwenye kisukari aitazame miguu yake kila jioni, nyayo na katikati ya vidole, au mtoto amtazamie kwa taa. Aioshe kwa maji yasiyo ya moto na kuikausha vizuri. Asitembee peku chini ya mikorosho. Akung'ute viatu kabla ya kuvaa. Asiote moto kwa miguu wakati wa baridi. Alale ndani ya chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro. Kidonda chochote, hata kidogo kama punje ya mtama, kionwe na mtaalamu siku hiyo au kesho yake, kisifunikwe kwa majani au unga wa dawa usiojulikana.

Ukikiona kidonda kwenye mguu wa ndugu yako katika huduma hiyo, usimuaibishe. Baada ya ibada mwite kando, umuulize kama amekwenda kupima, na kama anahitaji wa kumsindikiza, uwe wewe. Bwana wetu aliosha miguu usiku ule akijua kila mguu ulikotoka na ulikokuwa unakwenda.

Katika darasa lako kuna nani mwenye ugonjwa wa kudumu? Pembe ipi ya godoro lake inaweza kushikwa na wewe mwezi huu?

IJUMAA

Kwa Kujifunza Zaidi: Soma katika Huduma ya Uponyaji, kitabu cha Ellen G. White kilichotoka mwaka 1905, sehemu zinazohusu dawa za asili kama maji, jua, mazoezi na pumziko, na juu ya ushirikiano wa mgonjwa na Mungu. Mwanga juu ya afya ulimjia katika njozi ya Juni 6, 1863, huko Otsego, Marekani, wakati ambapo kanisa letu lilikuwa na majuma machache tu tangu kuundwa rasmi. Tangu mwanzo, ujumbe wa afya haukuwa pambo la ujumbe wetu.

Baada ya miaka mingi, sayansi imepima jambo hilo. Utafiti wa Waadventista zaidi ya 60,000 wa Marekani na Kanada, uliochapishwa mwaka 2009, uliona kwamba kisukari cha aina ya pili kilikuwapo kwa asilimia 7.6 ya waliokula nyama, na kwa asilimia 2.9 ya wale wasiokula kabisa vyakula vitokavyo kwa wanyama. Tofauti ni kubwa. Hata hivyo si sifuri. Asiyekula nyama anaweza kuugua, na aliyeugua asihukumiwe kwamba amekula vibaya au ametenda dhambi. Kisukari cha aina ya kwanza huwapata watoto wasio na kosa lolote, na urithi wa familia nao una nafasi yake.

Mtume Paulo aliomba mara tatu mwiba wake uondolewe, na haukuondoka (2 Wakorintho 12:7-9). Alipewa neema ya kutosha. Neema hiyo hawezi mtu kuipokea leo kwa ajili ya mwaka mzima. Kwa mwenye kisukari huja na kidonge cha asubuhi, na sahani iliyopangwa vizuri, na mguu uliotazamwa jioni kabla ya sala. Kesho zahanati iko wazi, korosho zikiwepo. Tunapofanya hayo kwa shukrani, tunamtukuza Mungu kwa miili ambayo ni yake (1 Wakorintho 6:19, 20).

Maswali ya Kujadili:

1. Musa alionywa na mkwewe kwamba kazi ya kutwa nzima ingemchosha yeye na watu wake (Kutoka 18:13-23). Katika familia na kanisa lako, ni kazi zipi zinazoweza kugawanywa ili wagonjwa wapate nafasi ya kuhudhuria kliniki?

2. Linganisha tena Asa na Hezekia. Tunawezaje kumtafuta Mungu na kutumia dawa bila kimoja kuchukua nafasi ya kingine?

3. Mtu mmoja darasani anasema, “Hofu yangu si ugonjwa, hofu yangu ni majibu.” Injili ina neno gani kwa mtu anayeogopa kupimwa?

4. Pangeni jambo moja ambalo darasa lenu litafanya kabla ya robo hii kuisha: siku ya vipimo, meza bora ya chakula cha ushirika, au kumsindikiza mtu kliniki. Nani atafanya nini, na siku gani? Andikeni tarehe, na msiandike “baada ya korosho”.